Kulala vibandani Kilimanjaro: mwongozo kwa anayepanda kwa njia ya Marangu

Wanaojiandaa kupanda Kilimanjaro hufanya mazoezi ya miguu. Utawaona Coco Beach alfajiri, begi mgongoni limejaa chupa za maji, au ofisini wakisusia lifti na kupanda ngazi hadi ghorofa ya nane. Mazoezi ya kulala hayafanyi mtu. Ilhali safari ya siku sita kwa njia ya Marangu ina kulala mara tano, chumba kimoja na watu ambao jana hukuwajua hata kwa sura, baridi ikipenya kwenye mbao na kichwa kikigonga kama kuna mtu anatwanga ndani.

Nimepanda njia hiyo mara mbili. Mara ya kwanza miguu ilikuwa mizima kabisa. Kilichoniangusha ni kufika Kibo, kituo cha mwisho kabla ya kilele, nikiwa sijapata usingizi wa maana tangu nitoke Moshi. Mara ya pili nilijipanga kwa ajili ya usiku, na mchana ukajipanga wenyewe. Ninayoandika hapa ni ya mara ya pili, pamoja na makosa ya mara ya kwanza.

Hatua ya 1: Hakikisha njia yako ina paa

Kilimanjaro ina njia kadhaa, lakini yenye vibanda ni Marangu peke yake. Machame, Lemosho, Rongai na Umbwe zote ni za mahema. Ndiyo maana Marangu huitwa njia ya Coca-Cola, jina la kejeli kidogo, na Machame ikaitwa njia ya Whisky, ya wenye roho ngumu. Kejeli hiyo mimi siinunui. Ukiwahi kupanda mvua ikinyesha kutwa nzima, ukafika kwenye mlango wa mbao unaofungika, utasahau nani alikucheka.

Vituo ni vitatu. Mandara iko mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, ndani ya msitu. Horombo iko mita 3,720, juu ya msitu, kwenye vichaka na nyasi. Kibo ni kama mita 4,700, kwenye jangwa la mawe chini ya kilele chenyewe. Kila kituo kiko karibu mita 1,000 juu ya kile cha kabla yake, na hilo ndilo linalofanya kila usiku uwe mgumu kuliko uliotangulia. Kilele cha Uhuru ni mita 5,895.

Kwa wanaopenda historia: Mandara ni jina jingine la Mangi (yaani mtawala wa Wachagga) Rindi wa Moshi, na Horombo alikuwa mangi wa Keni, upande wa Rombo. Enzi za Wajerumani vituo hivyo viliitwa Bismarck na Peters. Vibanda vya pembetatu unavyoviona leo, paa limeshuka karibu kugusa ardhi, vilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Norwei, na kwa kweli vina sura ya watu wanaoijua baridi.

Chagua siku sita, si tano. Siku ya ziada hutumika Horombo: unalala hapo mara mbili kabla ya kwenda Kibo, mwili uzoee hewa nyepesi. Kampuni nyingi zitakuambia tano zinatosha, na kwa wengine zinatosha kweli, lakini pesa utakayookoa ni ndogo ukilinganisha na uliyokwisha kulipa ili ufike kileleni.

Kama hujawahi kabisa kulala mlimani, anzia Mlima Meru, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Nako kuna vibanda: Miriakamba, mita 2,514, na Saddle Hut, mita 3,570. Unatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, na Miriakamba ukitoka kwenda chooni usiku, mulika nyasi kwanza kabla ya kuweka mguu. Nyati wakipita karibu na vibanda si habari ya kushangaza pale. Walioko Kenya wana Old Moses na Shipton's upande wa Sirimon, Mlima Kenya. Taratibu za malipo ni tofauti, lakini mambo ya chumbani ni yale yale.

Hatua ya 2: Uliza maswali ya kulala kabla ya kulipa

Kilimanjaro hupandi peke yako. Sheria inataka uwe na mwongozaji mwenye leseni, kwa hiyo utapitia kampuni, na kampuni ndiyo itakayokuwekea nafasi vibandani. Ada za hifadhi hulipwa kwa kumbukumbu namba, si kwa fedha taslimu mkononi mwa mtu. Mtanzania hulipa kwa shilingi, tena kiasi kidogo sana ukilinganisha na mgeni, basi beba kitambulisho cha NIDA chenyewe. Picha iliyoko kwenye simu inaweza kukuletea mjadala getini, na mjadala huo ni mbaya kuufanya ukiwa umeshavaa buti.

Watu huuliza kampuni kuhusu chakula na bei. Wewe ongeza haya: Ada ya kulala kibandani imo ndani ya bei au inakuja baadaye? Mfuko wa kulalia natoa mimi au ninyi, na kama ni ninyi, umefuliwa lini? Kundi letu lina watu wangapi, na tukilala Kibo tutakuwa chumba kimoja na kundi jingine? Mwanamke anayesafiri peke yake aseme mapema kwamba angependa kuwekwa na wanawake wenzake. Haiwezekani kila siku, hasa Kibo, lakini aliyesema mapema hufikiriwa kwanza.

Tarehe nayo ina maana. Kuelekea Desemba 9 makundi ya Watanzania hupanda kuadhimisha Uhuru, kwa kumbukumbu ya usiku ule wa 1961 Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na mwenge kileleni. Ni safari za raha, nyimbo hadi saa nne, na mtu mwenye usingizi mwepesi ataumia. Juni hadi Oktoba wageni ni wengi. Mimi napenda mwishoni mwa Februari: bado pakavu, na vitanda vinapatikana.

Hatua ya 3: Fungasha begi la usiku peke yake

Mzigo atakaokubebea mpagazi uwe kilo 15 kwa kawaida. Mpagazi hatakiwi kuzidisha kilo 20, na getini kuna mizani. Ndani ya mzigo huo, tenga mfuko mmoja wa vitu vya kulalia tu, usichanganye na chochote. Utaelewa sababu utakapoutafuta gizani vidole vimekufa ganzi.

Cha kwanza ni mfuko wa kulalia. Vibandani kuna godoro lenye gamba la plastiki na mto, basi, hakuna blanketi. Mfuko uwe wa kuhimili baridi ya chini ya sifuri. Ukikodi Moshi au Marangu, ufungue wote dukani, ingia ndani na viatu umevua, pandisha zipu hadi kidevuni na kuishusha mara tatu. Zipu inayokwama dukani kwenye joto itakwama vizuri zaidi Kibo. Halafu unuse, bila aibu. Muuzaji ameshaona.

Ndani ya mfuko weka shuka. Nenda kwa fundi cherehani na vitenge viwili vyepesi, mwambie avishone kama gunia, wazi upande mmoja. Linaongeza joto, unalala kwenye nguo yako mwenyewe badala ya jasho la waliotangulia, na ukirudi unafua shuka tu.

Nguo za baridi si lazima uuze shamba. Soko la Memorial, Moshi mjini, mitumba imejaa makoti ya manyoya ya bata, suruali za ndani za kubana na soksi za sufu ambazo Ulaya ziligharimu mshahara wa mtu. Nenda asubuhi, siku mbili kabla ya kupanda, upate muda wa kufua. Nunua seti moja ambayo haitatoka nje ya mfuko wa kulalia: fulana ya mikono mirefu, suruali ya kubana, soksi nene, mzula. Hizo hutembei nazo, hata ukishawishika. Nguo uliyotembea nayo ina jasho, na jasho usiku hugeuka barafu ya polepole.

Kisha vitu vidogo ambavyo ndivyo vikubwa. Vizibo vya masikio, jozi mbili, maana moja utaipoteza. Tochi ya kichwani yenye taa nyekundu pia, si nyeupe peke yake. Ndala zinazoingia na soksi, za kwenda chooni. Karatasi za chooni. Chupa ngumu isiyovuja ya lita moja. Pawabenki, kwa kuwa taa za vibandani ni za sola na hupaswi kutegemea kuchaji simu hapo. Intaneti, kwa upande mwingine, ipo: Agosti 2022 TTCL ilizindua huduma ya kasi mlimani hadi Horombo. Kwa hiyo ongeza spika za masikioni, tafadhali sana. Chumba kizima hakihitaji kusikia vichekesho vyako vya TikTok.

Rambo, ile mifuko ya plastiki, usilete. Zimepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019, na chupa za maji za kutupa haziruhusiwi mlimani. Hata bila sheria, hakuna kinachoamsha watu kama nailoni inayokwaruza saa nane usiku. Tumia mifuko ya kitambaa ya rangi tofauti: nyekundu nguo za kulala, bluu soksi na chupi, kijani dawa na mswaki. Utaitambua hata kwa taa hafifu.

Hatua ya 4: Fika Mandara mapema, na ubishe hodi

Kutoka Moshi unafuata barabara ya Himo hadi Marangu Mtoni, kisha unapanda getini. Geti liko karibu mita 1,870. Mandara ni kilomita 8 hivi, saa tatu au nne za kutembea msituni, na hapa kila mtu anajiona mwanajeshi. Usikimbie. Lakini usiwe wa mwisho pia, kwa sababu aliyetangulia ndiye anayechagua kitanda.

Ukifika, kituo cha kwanza ni ofisi ya askari wa hifadhi: unaandika jina, umri, namba ya kibali na kusaini kwenye kitabu. Utafanya hivyo kila kituo. Ukishaonyeshwa chumba, bisha hodi hata kama mlango uko wazi. Ndani anaweza kuwamo mtu anabadilisha nguo, au mgeni kutoka mbali amelala na kichwa kinamuuma. Wasalimie waliomo. Kama yumo mzee, shikamoo yake usiimeze eti kwa kuwa mko mlimani. Salamu ya jioni ndiyo inayokupa haki ya kumgusa mtu begani usiku na kumwomba ageukie upande mwingine, akoromee huko.

Chumba chenyewe ni kidogo: vitanda vinne, vitatu vimezunguka ukuta na kimoja kimepanda juu, chini ya ncha ya paa. Cha juu kina joto zaidi na hakuna atakayekukanyaga, lakini ukiinuka ghafla paji la uso linakutana na mbao. Kama ni mtu wa kwenda haja mara nyingi, au umeanza dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, inayoongeza haja ndogo, chukua cha chini karibu na mlango na uwaeleze wenzako sababu. Hawatakuona mroho.

Tandika kabla ya chai. Toa mfuko wa kulalia kwenye gamba lake mara tu unapofika, uukung'ute, uuache upumue. Manyoya yaliyobanwa kutwa nzima yanahitaji saa moja au mbili kujaa hewa, na hewa hiyo ndiyo joto lako.

Halafu nenda bwaloni. Saa kumi jioni kuna chai, bisi na karanga, desturi ya mlima mzima. Kula bisi polepole huku ukisikiliza meza ya jirani, maana waliotoka juu jana wanajua kama Kibo kuna theluji kuliko programu yoyote ya hali ya hewa. Ukiwa na nguvu, tembea hadi Maundi Crater, robo saa tu kutoka kituoni. Kupanda juu kidogo kisha kushuka kulala chini kunasaidia mwili.

Usiku wa Mandara una mgeni mmoja ambaye hakuna anayekuonya. Usiku wa manane utasikia kelele msituni, zinaanza kama mlango mbovu unaofunguliwa, zinapanda, zinakuwa mtoto anayenyongwa. Mara ya kwanza niliketi, nikagonga paa. Ni perere wa mitini tu, kanyama kanakotoshea kwenye kikapu. Alfajiri wanampokea mbega, sauti yao nzito kama pikipiki inayokataa kuwaka.

Hatua ya 5: Maliza kazi zako kabla taa hazijazimwa

Hapa ndipo safari inapoharibika au kutengenezeka. Vibandani watu hulala mapema, saa mbili na nusu au saa tatu usiku chumba kimeshatulia. Kila utakalolifanya baada ya hapo unalifanya juu ya usingizi wa mtu.

Horombo, mara ya kwanza, nilikumbuka saa tano usiku kwamba sijui glavu zangu ziko wapi. Nikawasha tochi, taa nyeupe, nguvu zote, nikaanza kupekua begi. Kila nilipogeuza kichwa mwanga ulipiga kitanda cha mbele, alikolala mzee mmoja mwembamba wa Singida. Hakufoka. Alisema taratibu tu: "Kijana, leo jua limewahi." Glavu zilikuwa mfukoni mwa koti nililolivaa.

Tangu hapo nafanya hivi, na kwa mpangilio huu. Saa kumi na mbili, kabla ya chakula, napanga begi la kesho lote: nguo za asubuhi juu, za mvua pembeni, glavu ndani ya kofia, kofia ndani ya buti. Buti nazitia chini ya kitanda, ncha zikitazama mlangoni. Nikitoka kula, namwomba mpishi anijazie chupa yangu maji ya moto, naifunga soksi na kuitupa chini kabisa mwa mfuko wa kulalia. Nikirudi, miguu inaingia mahali palipokwisha pata moto, na asubuhi ninayo maji ya kunywa yasiyoganda. Hakikisha kifuniko. Nimeona mfuko uliolowa Horombo, na mwenyewe alikesha amevaa koti, ameegemea ukuta.

Halafu chooni, hata kama husikii haja. Vyoo viko nje, na kutoka mara moja kabla ya kulala ni afadhali kuliko kutoka mara mbili baadaye. Nikirudi navua nguo zote za mchana hadi ya mwisho na kuvaa seti kavu. Simu, pawabenki na betri za tochi zinalala nami ndani ya mfuko, maana baridi hunyonya betri hata usipozitumia. Tochi naivaa shingoni, imewekwa nyekundu tayari. Vizibo vya masikio viko ndani ya mzula.

Soksi zilizolowa usizitundike juu ya kitanda cha jirani, wala usitegemee zitakauka hewani. Zikamue, ziweke tumboni juu ya fulana, ulale nazo. Inachukiza kuisoma, lakini asubuhi ni kavu.

Dirisha litaleta ugomvi. Wa pwani watataka lifungwe hadi tundu la mwisho, na watu wanne wakipumua usiku kucha kwenye chumba kile, asubuhi mbao zinatiririka maji na kila mtu ana kichwa. Acha upenyo wa vidole viwili. Jadilianeni wakati bado mko macho.

Hatua ya 6: Horombo, lala mara mbili na usikilize mwili

Mandara hadi Horombo ni kama kilomita 11, saa tano hadi saba. Msitu unaisha, unaingia kwenye vichaka, kisha unaona ile mimea mikubwa ya ajabu kama migomba iliyovaa makoti ya majani makavu.

Horombo ndicho kituo chenye watu wengi, kwa kuwa wanaopanda na wanaoshuka wote hulala hapo. Chakula usiache chumbani. Kuna panya wenye mistari mgongoni, wadogo, wazuri hata, wanaojua kufungua kila kitu isipokuwa bati, na mchana kunguru wenye doa jeupe shingoni wanachukua biskuti mkononi bila kuomba. Karanga zangu ziliishia pembe ya begi, pamoja na pembe yenyewe.

Siku ya mapumziko msilale mchana kutwa. Pandeni hadi Zebra Rocks, miamba yenye michirizi myeupe na myeusi njiani kuelekea Mawenzi, kilele kingine cha mlima huu, kisha mrudi kula na kulala.

Usiku wa Horombo unaweza kuamka ukihema kama umetoka ndani ya maji. Mwinuko huvuruga mpigo wa pumzi usingizini: unapumua haraka, unanyamaza kwa sekunde kadhaa, kisha unavuta kwa nguvu. Ukimsikia jirani amenyamaza hivyo usimtikise kwa hofu, hesabu kidogo, atavuta. Ni jambo la kawaida. Dawa za usingizi na pombe ndizo zisizo za kawaida: zote hupunguza upumuaji wakati unauhitaji zaidi. Acetazolamide, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Diamox, huwasaidia baadhi ya watu, lakini zungumza na daktari kabla ya safari, tena ujue itakupeleka chooni mara nyingi.

Kuumwa kichwa kidogo, kukosa hamu ya kula, usingizi wa mang'amung'amu, hayo mweleze mwongozaji asubuhi anapouliza. Asikudanganye mtu kwamba ni ya kuficha. Lakini yafuatayo hayangoji asubuhi: mtu anahema kwa shida mfululizo hata akiwa macho, amejilaza tu, anakohoa kikohozi chenye povu, anayumba kama mlevi akijaribu kusimama, au anaongea yasiyoeleweka. Hapo unamwamsha mwongozaji saa yoyote ile, na mgonjwa anashushwa usiku huo huo. Kituoni kuna machela ya gurudumu moja kwa kazi hiyo. Faida ya kulala na watu chumba kimoja ni hii: aliye peke yake kwenye hema anaweza kuzidiwa bila shahidi. Basi kabla ya kuziba masikio, mwambie wa kitanda cha pili jina la mwongozaji wako na anakolala. Naye akwambie wa kwake.

Hatua ya 7: Kibo, pumzika hata usipolala

Kutoka Horombo hadi Kibo ni kama kilomita 10 kupitia uwanda mkavu kati ya kilele cha Mawenzi na kile cha Kibo. Maji hakuna huko juu, yanabebwa na wapagazi kutoka chini. Kwa hiyo usitarajie bakuli la kunawa lililojaa, na ukiona mtu ananawa miguu, ujue ananawa mgongo wa mtu mwingine.

Kibo ni nyumba ya mawe. Vyumba ni vikubwa, vitanda vya deka ukutani na meza katikati, na mnakula humo humo. Unafika saa nane au saa tisa mchana, unakula saa kumi na moja, unaambiwa lala. Saa tano usiku unaamshwa kwa chai na biskuti, na kuelekea saa sita mnaanza kupanda kuelekea Gilman's Point, mita 5,685, kisha Uhuru.

Sikia ukweli: karibu hakuna anayelala Kibo. Kundi moja linaondoka, jingine linakuja, kuna anayetapika, kuna anayesali. Ukilala ukijilaumu kwamba hulali, unachoka mara mbili. Lala chali au ubavu, funga macho, tulia. Mwili unapumzika hata akili ikigoma, na usingizi uliouweka akiba Horombo ndio utakaoutumia usiku huu.

Hapa kanuni ya seti ya kulalia inavunjwa. Baada ya chakula vaa kabisa nguo za kupandia zile za ndani, bado buti na koti la nje tu. Glavu, barakoa ya baridi, miwani ya jua na chokoleti viwe mifukoni. Chupa ya maji igeuze kichwa chini kwenye begi, maana maji huanza kuganda juu, na ukiigeuza barafu inakaa chini ya chupa na mdomo unabaki wazi. Mfuko wa kulalia uache umetandikwa, ukiwa wazi. Ukirudi asubuhi, umefika kileleni au hukufika, utakuwa huna nguvu ya kufungua hata zipu.

Unapoondoka saa sita, ondoka kama mwizi. Chumbani kuna waliobaki: walioshindwa na kichwa, na wale ambao kundi lao linaanza saa saba. Toka nje ndipo uanze kufunga kamba za buti.

Hatua ya 8: Kushuka na kurudisha vitu

Ukishuka kutoka kileleni utapewa saa moja au mbili Kibo, kisha unaendelea hadi Horombo kulala. Usiku huo hauhitaji mwongozo, utalala na kijiko mkononi. Jambo moja tu: chumba hicho hicho kuna wanaopanda kesho, wana wasiwasi, watataka kukuuliza kila kitu. Wajibu wakati wa chakula, si kitandani. Vizibo vya masikio ambavyo hukuvitumia, wape.

Asubuhi kung'uta godoro, funga dirisha, okota karatasi zako zote na za aliyekutangulia. Taka zinashuka nawe hadi getini. Wapagazi na mpishi waagwe na kushukuriwa mmoja mmoja, na bahasha zigawiwe mbele ya wote, kila mtu akijua chake.

Kuhusu mfuko wa kulalia wa kukodi: usiurudishe siku hiyo hiyo ukiwa umekunjwa na unyevu. Ulale nyumba ya wageni Moshi, uuning'inize kwenye jua tangu asubuhi, umegeuzwa ndani nje, zipu wazi, na ukaupeleke saa kumi jioni ukiwa mkavu. Dukani wananusa na wao pia, na dhamana uliyoiacha iko kwenye droo yao.